Beberu kwa Kiti cha Mbele

Mtu akinisifia gari, mpaka leo, namuuliza swali moja tu: mbuzi wanakaa wapi? Wengi wanacheka wakidhani natania. Sitanii. Nimeendesha gari tangu wakati soko la Zombe lilikuwa maduka machache na mti wa kufungia punda, na yale gari moja ilinifanyia kwa mambo ya mbuzi, kama ningejua mlango wa wale wanaochora magari, ningeenda nikawapigia hodi.

Lakini lazima nianze na ile ya zamani. Bila kuijua ile, hasira yangu utaiona ni ya bure.

Ile ya zamani niliinunua nikiwa na nguvu zangu, biashara ya pojo ikiwa imenikubali. Ilikuwa gari ya familia, aina ya saluni, rangi ya chai yenye maziwa mengi, ndefu, imesimama juu, tumbo lake halikujua jiwe. Gia ilikuwa hapo kwa usukani. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kama benchi la kanisa, tunakaa mimi na mama watoto, na mtoto katikati yetu anashika redio. Mlango wa mbele ulikuwa na dirisha kubwa na kando yake kadirisha kadogo ka pembe tatu. Hako kadirisha ukikasukuma kwa kidole, upepo unakuja moja kwa moja kwa kwapa. Na ukisahau ufunguo ndani, unaingiza ncha ya kisu, unakafungua, unapitisha mkono, umeingia. Mke wangu alijua kufanya hivyo. Hata mwizi angejua, lakini mwizi wa gari angetoka wapi Zombe wakati huo?

Tangi ikitobolewa na jiwe, unasugua sabuni ya kufulia, ile ya mche, unaendelea na safari yako. Siku moja mkanda wa feni ulikatika tukienda Migwani kwa mazishi, mke wangu akavua kitambaa cha kichwa, tukasokota, tukafunga, tukafika. Alizika na kichwa wazi, na wale akina mama wa kanisa wakamsema mwezi mzima. Mpaka leo ananikumbusha hicho kitambaa. Kilikuwa cha maua ya zambarau.

Na buti yake! Buti ilikuwa chumba. Mbuzi unawapanga, unafunga mfuniko na kamba uache nafasi ya kupumua, wanatoa vichwa nje wakiangalia njia tuliyotoka. Na kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yalikuwa yanasukuma, ukiweka mzigo nyuma unaipa gari nguvu. Kwenye mchanga wa mto mkavu nilikuwa nataka mbuzi nyuma. Nikiwa sina mbuzi naweka mawe. Haya si mambo nilisoma. Mimi shule nilifika darasa la tatu, nikatolewa kuchunga. Ni mambo ya kukwama na kutoka, kukwama na kutoka, mpaka mwili unajua.

Sasa. Ikazeeka. Watoto wakaanza kuniambia, baba, hiyo gari inatuaibisha. Mtoto akianza kuona aibu ya kitu kilichompeleka kliniki, ujue amesoma. Nikasikia kwamba ile kampuni imetoa mpya, ya jina lile lile. Nikasema kama ni jina lile lile, basi ni mtoto wa ile, na mtoto wa ng'ombe ninayemjua simwogopi. Nikaenda Nairobi.

Kijana mwenye tai, muuzaji wa pale, akanizungusha. Gari yenyewe niliiona ikiwa mviringo kila mahali, haina pembe, kama sabuni iliyoogesha watu kumi.

"Ni ile ile, mzee," akaniambia. "Wameipa tu sura mpya."

"Mbona imekaa chini hivi?"

"Hiyo ni kwa sababu ya upepo, mzee. Inakata upepo."

"Kwetu upepo si shida. Shida ni mawe."

Akacheka, akanipiga bega kama rika lake. Akaniingiza ndani. Viti vya kitambaa laini kama blanketi ya mgeni. Hakuna kizungusho cha kufungua dirisha, kuna kitufe hapo kwa mlango unapowekelea mkono, unabonyeza na dirisha linashuka lenyewe likilia zzz. Ukifunga kufuli ya mlango wa dereva, kile kibonyezo kilichochomoza juu ya mlango, chini ya kioo, milango yote inaitikia, tak! Kuna baridi inatoka kwa matundu. Usukani unazungusha kwa kidole kimoja. Nikauliza choki iko wapi, akasema hakuna choki. Kabureta? Hakuna kabureta, mzee, kuna kompyuta. Nikauliza kompyuta ikiharibika Zombe nifanye nini. Akasema haiharibiki. Nikatafuta kale kadirisha ka pembe tatu.

"Hiyo waliondoa. Ilikuwa inapiga kelele ya upepo."

Ona basi. Upepo tena. Mtu aliyetengeneza hiyo gari alikuwa amegombana na upepo tangu utoto wake, na sisi wengine tukalipishwa ugomvi wao.

Lakini nisiwe mwongo. Kwenye lami hiyo gari ilikuwa kitu kingine. Nikitoka Nairobi nayo, nilipita Sultan Hamud sijui nimepita, nikawa nimefika Emali. Haikutikisika. Haikulia. Mke wangu alilala mdomo wazi, na huyo ni mtu ambaye kwa ile ya zamani alikuwa anashika dashibodi njia nzima na kuomba. Kupanda kilima ilikuwa haiombi gia. Vumbi halikuingia, ile raba ya milango ilikuwa imekaza kama mfuniko wa chupa ya dawa. Nilifurahi, nasema ukweli. Furaha ikakaa mpaka lami ikaisha.

Lami ikiisha ndipo unaanza kusikia tumbo la gari. Kwa! Jiwe. Kwaa! Egzosi. Na mimi kila jiwe nalisikia kwa mbavu zangu. Nikawa naendesha kama mtu amebeba mayai, punda wananipita. Vijana wa Zombe wakaniita Mzee Polepole. Na kule nyuma, mzigo ukiwa mwingi, kipua kinaangalia mbinguni na magurudumu ya mbele yanateleza. Kwa sababu, na hili kijana wa tai hakuniambia, mpya ilikuwa haisukumwi. Inavutwa. Nguvu yote iko mbele. Jina lile lile, lakini punda amewekwa upande mwingine wa mkokoteni.

Sasa nifike kwa jambo lenyewe.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa amepata msichana, mwalimu wa nasari, kwao ni upande wa Makueni, ng'ambo ya mto Athi. Msichana mzuri, wa watu wa kanisa kama sisi. Na kwa sisi Wakamba, kanisa au si kanisa, ndoa ni ntheo. Ntheo ni wale mbuzi, beberu na majike wawili, wanaopelekwa kwa boma la kina msichana. Beberu anachinjwa pale pale, watu wanakula, na kuanzia hapo huyo ni mke wenu. Hata mpige picha na keki, kama mbuzi wa ntheo hawajafika, bado ni wa baba yake. Na akizaa kabla hawajafika, mtoto ni wa boma alipozaliwa. Anapewa jina la hapo, ukoo wa hapo, na shamba anakatiwa hapo. Baadaye utamwoa mama, lakini huyo wa kwanza umemkosa.

Na huyu msichana alikuwa mja mzito. Haya, hao ni vijana, mimi nitasema nini. Tungeenda mapema, lakini ulikuwa mwaka wa ukame na baba yake alituma neno kwamba mbuzi wa mifupa hataki. Tukangoja mvua, tukangoja majani, tukangoja mbuzi washike mafuta. Tumbo la msichana nalo halikungoja. Mvua ilipokubali na mbuzi wakawa mbuzi, mzee akatoa siku, na neno likaja pamoja na hiyo siku: harakisheni, amekaribia sana.

Wanaojua desturi wanajua kilichokuwa hapo. Akizaliwa mvulana, na mbuzi wamefika, huyo ni jina langu. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu yake mzaa baba. Mimi baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na jina lake nilimpa kijana wangu. Sasa ilikuwa zamu ya langu. Nilikuwa nimeshaanza kujisikia nikiitwa uani.

Tulitoka Zombe alfajiri, mimi kwa usukani, ndugu yangu mkubwa kando yangu, mke wangu na kijana wetu nyuma, mbuzi kwa buti, mfuniko umefungwa na kamba wapumue. Soda tulikuwa tumetanguliza na watu wengine. Ndugu yangu ni mtu wa maneno. Alikaa kwa kile kiti laini akabonyeza dirisha likashuka, akabonyeza likapanda, likashuka, likapanda.

"Kaka, utamaliza umeme," nikamwambia.

"Nakitafuta kile cha zamani, kile cha kuzungusha. Huu mkono wangu utafanya kazi gani sasa?"

"Ukunje."

"Nikikunja nitalala, nikilala utatupeleka Garissa."

Tukapita Kitui, tukashuka Mutomo. Mbele ya Mutomo barabara inateremka kwa mto wa mchanga. Maji hakuna, mchanga tu, mpana, mweupe, wenye alama za malori. Ile ya zamani ingepita ikipiga miluzi. Mimi nikaingia kwa gia ya pili kama nilivyozoea, mbuzi nyuma kama nilivyozoea, na hapo katikati magurudumu ya mbele yakaanza kuchimba. Nikakanyaga mafuta. Yakachimba zaidi. Kipua juu, tumbo chini, imelala kama nguruwe.

Tukatoka. Tukasukuma. Kijana wangu akavua viatu vya harusi, akasukuma kwa soksi. Haikusonga. Jua likapanda. Kwa taa ndogo za dashibodi kulikuwa na moja nyekundu imewaka, sijui ilikuwa inasema nini, ilikuwa Kiingereza.

Mke wangu, aliyekuwa amekaa kwa mchanga akijipepea, ndiye alisema, "Si mzigo uko nyuma na nguvu iko mbele? Leteni mzigo mbele."

Tukaangaliana. Ilikuwa kweli. Lakini mzigo ulikuwa mbuzi.

"Wapande kwa viti hivi vya blanketi?" nikauliza.

"Unataka kitambaa au unataka mjukuu?" akasema.

Tukatandika magunia. Majike wawili wakapanda kiti cha nyuma na mke wangu na kijana. Beberu, kwa sababu ndiye mzito, na alikuwa mzito kweli, mweusi mwenye ndevu, tukamweka mbele kabisa, na ndugu yangu akamkumbatia kama bibi harusi. Tukafunga buti. Nikaanza pole pole, na gari ikashika. Ikatoka. Naapa, ikatoka kwa mchanga kama iliyoitwa. Tukapiga kelele za furaha, na beberu akakojoa.

Dirisha tukalifungua kwa sababu ya harufu. Beberu akataka kuruka, akatoa mguu mmoja nje tukiwa mwendoni, ndugu yangu akamvuta na ndevu. Basi tukafunga vioo vyote, nikawasha ile baridi. Mbuzi wakapenda. Wakatulia kabisa, wakawa wanacheua. Ndugu yangu akasema tangu azaliwe hajawahi kuona mbuzi akipulizwa hewa baridi.

Tulifika bomani mchana umeshasimama. Boma la miti na miba, uwanja umefagiwa, watu wamejaa. Hawakuimba. Wakamba wakikosa kukuimbia siku ya ntheo, ujue kuna jambo. Shangazi ya msichana, mkunga wa kijiji hicho, alikuwa ametoka mlangoni mwa nyumba, mikono imelowa. Akaita kwa sauti:

"Mmefika! Ingieni haraka, huyu hangoji!"

Nikaingiza gari ndani ya uwanja. Hili nataka lishikwe vizuri. Niliingiza gari. Magurudumu yote manne yakapita lango, nikasimama karibu na jiko la nje. Baba ya msichana, mzee mrefu wa fimbo na kofia ya kanisa, akaja kusalimia. Na kwa desturi mgeni hasalimiwi akiwa amekaa kwa gari kama karani. Lazima ushuke, usimame, ushikwe mkono, ndipo mbuzi watolewe na kamba akabidhiwe mwenye boma. Basi tukashuka sote. Ufunguo nikauacha na injini ikinguruma, kwa sababu nilisema nikizima, baridi itakatika na mbuzi watapata joto ndani ya vioo vilivyofungwa. Milango tukaisukuma wasitoke. Nilikuwa nawahurumia. Na shukrani niliyopata ni hii.

Mbuzi wa boma hilo walikuwa nyuma ya zizi, wakalia. Beberu wetu akawasikia. Akavuka kutoka kiti cha abiria, akapanda kiti changu, akaweka kidevu juu ya mlango wa dereva, pale chini ya kioo, aangalie wanaomwita ni akina nani. Na kidevu chake kikakaa juu ya kile kibonyezo.

Tak!

Milango yote ikaitikia.

Kwanza sikuelewa. Nilisikia hiyo tak nikiwa nimeshika mkono wa mzee, nikaendelea kumwambia habari za mvua. Kijana wangu ndiye alikwenda kufungua mlango wa nyuma. Haukufunguka. Akazunguka. Haukufunguka. Akaniangalia na macho nisiyoyasahau.

"Baba. Wamejifungia."

"Nani?"

"Mbuzi."

Ufunguo wa pili? Ulikuwa Zombe, kwa msumari, ukutani. Mfuniko wa buti? Kamba tuliifungua kule mtoni tukaufunga, na ulikuwa unafunguliwa na ufunguo. Nikaomba kisu, mkono ukaenda wenyewe kwa pembe ya dirisha kutafuta kale kadirisha ka pembe tatu, ukakuta chuma laini, mviringo, kinachokata upepo. Nikaomba waya. Waya haukupata pa kuingilia, raba imekaza. Hakuna vumbi linaloingia, nilijisifu mwenyewe. Waya nao hauingii.

Watu wakaanza kukusanyika kuzunguka gari. Na watu wa Makueni wana mdomo.

"Huyu mbuzi amekuja kuoa mwenyewe, amewaacha nje!"

"Mwulizeni kama ana leseni!"

"Mbuzi wa Kitui siku hizi wanakaa kwa baridi, sisi tuko juani!"

Ndugu yangu akachuma majani, akayapeperusha kwa kioo upande ule mwingine ili beberu atoe kidevu. Beberu akatoa kidevu, akayaangalia majani kwa dharau, lakini kile kibonyezo kilikuwa kimeshuka na hakikupanda. Akarudi kwa usukani, akaweka mguu katikati yake. Piiiiip! Watu wakaanguka kwa kicheko. Mzee mwenye boma peke yake hakucheka.

"Ametoa salamu kuliko wenyewe," akasema.

Na kutoka kwa nyumba shangazi akaita tena, mara mbili, "Bado? Mbuzi bado?" na ile sauti ya msichana ikasikika nyuma yake, sauti ya mtu aliye mwisho kabisa.

Kijana wangu akaokota jiwe. Mimi mwenyewe nikamwambia, vunja, vunja hicho kioo. Mkono ulikuwa umeshapanda. Mzee akaingiza fimbo yake katikati ya jiwe na kioo.

"Hakuna kitu kitavunjwa kwa boma langu leo."

"Mzee mwenzangu, ni kioo changu," nikasema.

"Kioo ni chako, boma ni langu. Siku ya ntheo mtu havunji hata kibuyu. Na mbuzi akikatwa na kioo, unaniletea mbuzi mwenye damu? Nitampokea vipi?"

Alikuwa anasema desturi, na desturi ni kweli iko hivyo, na hapo ndipo hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba, kwa sababu mtu akiwa na makosa unajua pa kumshika, na huyu hakuwa na kosa. Niligeuka nikaipiga teke ile gari. Niliumia kidole. Ilibonyea kidogo, mabati yake ni membamba pia, ya zamani ungeipiga teke ungevunjika wewe.

Tuko hivyo, mimi nimeshika kidole, kijana ameshika jiwe, mzee ameshika fimbo, ndipo mtoto akalia.

Si mtoto wa mbuzi. Mtoto.

Vigelegele vikatoka nyumbani. Mvulana! Akina mama wakakimbilia huko. Mke wangu akaanza kukimbia, halafu akasimama katikati ya uwanja, akageuka kuangalia gari, akakaa chini pale pale kwa mchanga. Yeye alielewa kabla yangu.

Na sikiliza sasa uovu wa hiyo mashine. Vigelegele vilimshtua beberu. Akaruka, akakanyaga pale kwa mlango, pale pa kuwekelea mkono, penye vile vitufe. Zzzz. Dirisha la dereva likashuka lenyewe, taratibu, kwa adabu zote, mpaka chini. Beberu akatoa kichwa, akatoa mabega, akaruka. Akasimama mbele ya mzee. Mzee akainama, akashika kamba.

"Sasa wamefika," akasema.

Tulikaa chini kujadili hilo jambo mpaka nyama ikapoa. Ndugu yangu alisimama, akaongea vizuri, sijawahi kumsikia akiongea vizuri hivyo.

"Wazee, gari ni nini? Gari ni kikapu tu. Mtu akikuletea mahindi kwa kikapu, kikapu kikawekwa uwanjani kwako, mahindi hayajafika? Utasema yatafika yakimwagwa?"

Wazee wengine wakaanza kuitikia kwa kichwa, nikaona tumaini. Mzee akasafisha koo.

"Mahindi hayashikwi kamba," akasema. "Mbuzi wa ntheo anapokewa kwa kamba. Nilitoa mkono nikashika nini? Nikashika kioo. Ningeshika kamba kabla mtoto hajalia, ningekuwa wa kwanza kumpa jina la huyu mwenzangu. Mungu ananiona."

Shangazi naye akaitwa. Alikuja amefunga leso upya, amenawa, akakaa.

"Mimi sijui ya kikapu," akasema. "Mimi kabla ya kumpokea mtoto niliuliza kwa mlango, mbuzi bado? Mara mbili. Na hakuna mtu wa Kitui aliniambia wamefika."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tunapiga vioo, nani angekumbuka kujibu? Neno moja tu, "wamefika," hata la uongo kidogo, na pengine ingetosha.

Ndoa ilikuwa sawa. Beberu alichinjwa, msichana akawa wetu tangu siku hiyo, na ni mke mwema mpaka leo, sina neno juu yake. Lakini mtoto akabaki wa kule. Tulimshika kabla ya kuondoka. Mke wangu alimshika muda mrefu sana, akamnusa kichwa, akamrudisha. Njia yote ya kurudi alikaa kiti cha nyuma juu ya magunia ya mbuzi, kiti cha mbele kikiwa wazi, kimelowa. Nilijaribu kumwambia gari imepita mchanga vizuri safari hii, bila mzigo. Ndugu yangu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakugusa kitufe.

Nilijaribu baadaye kumwomba yule mzee, nikaenda na wazee wa kanisa, nikaenda na wa ukoo. Alitupokea vizuri, akatuchinjia kuku, akasema hapana. Hana mtoto wa kiume, unaona, na hilo sikulijua mpaka nilipokaa kwake mara nyingi nikiomba. Alikuwa na wasichana watupu. Kwa hivyo jina lake lilikuwa halina mahali pa kwenda, na beberu wangu akalipatia mahali.

Wa pili alipozaliwa kwetu alikuwa msichana, wa tatu ndiye ana jina langu, na nampenda, asije akasoma hapa akadhani vingine. Lakini yule wa kwanza amekuwa mtu mzima sasa. Anakuja Zombe Krismasi, mrefu, sura yangu, masikio yangu haya, mwendo wangu. Akiingia uani wageni wanasema, huyu bila kuuliza ni wajina wako. Nasema hapana. Wanasema, kwa nini hapana, na ni wa kwanza, na ni mvulana? Na mimi, kila mwaka, lazima nivute kiti nianze kueleza mambo ya gari.